Israeli na Kanisa: mitazamo mitatu, na namna ya kuchagua ukiwa Tanga

Mkristo wa Tanga mjini anaweza kufundishwa mambo matatu yanayopingana kuhusu Israeli ndani ya wiki moja, na yote matatu yakatoka katika Biblia ileile. Jumapili, usharikani au parokiani, anaimba zaburi za Sayuni na hakuna anayemwambia kwamba Sayuni hiyo ni ya wengine. Jumatano anaalikwa kwenye maombi huko Makorora, anakuta bendera ya Israeli imetundikwa kando ya mimbari na mhubiri anazihesabu ishara za unyakuo, yaani siku Kanisa litakapochukuliwa juu kumlaki Bwana. Mwisho wa wiki, kwenye jumuiya, mama mmoja anafungua Warumi 11 na kuuliza kama Mungu amewaacha Wayahudi au hajawaacha, na mzee wa kanisa anaona heri aanzishe wimbo.

Na kwa kuwa huu ni mji wa pwani, ambako Wakristo na Waislamu wanaishi ua kwa ua, swali haliishii kanisani. Redio ikitangaza vita huko Mashariki ya Kati, jirani atakuuliza barazani, kwa upole au kwa uchungu, mbona nyinyi mnashangilia. Hapo ndipo wengi hugundua kwamba hawajawahi kuamua wanaamini nini.

Makala haya ni ya mtu wa namna hiyo. Nimechukua mitazamo mitatu iliyoenea zaidi kati ya makanisa yetu. Iko mingine, lakini ukishaielewa hii, mingine utaitambua ikipita.

Maswali ya kuuliza kwanza

Tukubaliane vigezo kabla ya kuitazama mitazamo yenyewe, maana kila mmoja ukiachiwa uchague uwanja wake hushinda. Nitauliza matano. Ahadi za manabii zisomwe vipi: kama zilivyoandikwa, au kama mitume walivyozitumia? Nchi aliyoahidiwa Ibrahimu bado ni ahadi? Paulo alikuwa na maana gani aliposema Israeli wote wataokoka? Mwisho wa nyakati utakuwaje? Na la tano, ambalo walimu wengi hulisahau: fundisho hili likikaa miaka ishirini ndani ya usharika, huzaa watu wa namna gani?

Jambo moja la kuweka kando mapema. Taifa la Biblia na dola iliyotangazwa tarehe 14 Mei 1948 si lazima viwe kitu kimoja. Uhusiano wa viwili hivyo ndio sehemu kubwa ya ubishi wenyewe, kwa hiyo mwalimu anayeruka kutoka Ezekieli 37, bonde la mifupa mikavu, hadi taarifa ya habari bila kusimama amekwisha kukuchagulia jibu.

Mitazamo yenyewe

*Utimilifu.* Ahadi zote alizopewa Ibrahimu zimekutana ndani ya Kristo, na kila aliye ndani ya Kristo, Myahudi au mtu wa mataifa, ndiye mrithi. Kanisa ni watu walewale wa Mungu waliokuwako tangu Ibrahimu, ila sasa mlango uko wazi kwa wote. Justin Mfiadini, katika karne ya 2, aliandika kwamba Wakristo ndio Israeli wa kweli wa kiroho. Augustino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, na Calvin, mwanamatengenezo wa karne ya 16, wako upande huu, kila mmoja kwa namna yake, na Ungamo la Westminster la miaka ya 1640 linasema agano la neema ni moja, limetolewa kwa taratibu tofauti katika nyakati tofauti. Walutheri na Waanglikana wengi huufuata bila hata kuutaja jina. Wasabato nao, pamoja na tofauti zao kuhusu unabii, hulihesabu Kanisa kuwa Israeli wa kiroho. Wapinzani huuita theologia ya badala, jina ambalo wengi wanaoushika hulikataa: wanasema hakuna aliyeondolewa akawekwa mwingine, ila ahadi imetimia.

*Vipindi.* Huu ni mchanga zaidi kuliko watu wengi wanavyodhani. Uliundwa na John Nelson Darby (1800–1882), kasisi wa Ireland aliyeliacha kanisa lake la Kianglikana na kuwa kiongozi wa kundi la Plymouth Brethren. Ulisambazwa na Biblia yenye maelezo ya C. I. Scofield iliyotoka mwaka 1909, ikarekebishwa 1917, na baadaye na seminari ya Dallas, Marekani, iliyoanzishwa 1924. Unafundisha kwamba Mungu hushughulika na wanadamu kwa vipindi, kwa kawaida saba, na kwamba Israeli na Kanisa ni watu wawili wenye mipango miwili. Kanisa ni siri ambayo manabii hawakuiona. Siku litakaponyakuliwa, saa ya Israeli itaanza kutembea tena. Umetufikia kupitia wamisionari wa Kiinjilisti na wa Kipentekoste, kanda za mahubiri, na siku hizi simu ya kila mtu.

*Mzeituni.* Jina limetoka Warumi 11. Watu wa Mungu ni wamoja, kama wasemavyo wa utimilifu, lakini Wayahudi kama watu bado wana siku yao, kama wasemavyo wa vipindi. Wapuritani wengi, wale Waprotestanti wa Uingereza waliotaka kanisa litakaswe zaidi, waliamini hivyo, na katika karne ya 20 George Eldon Ladd, msomi wa Agano Jipya wa Marekani, aliutetea kwa nguvu. Kanisa Katoliki haliingii kwa urahisi katika chumba hata kimoja, lakini liko karibu na hapa. Tamko la Nostra Aetate la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, la tarehe 28 Oktoba 1965, linaliita Kanisa taifa jipya la Mungu, na papo hapo linakataza kuwaonyesha Wayahudi kama watu waliokataliwa au kulaaniwa na Mungu. Katekisimu, kifungu cha 674, inasubiri Israeli wote wamtambue Masiya kabla ya kuja kwake kwa utukufu.

Manabii wasomwe vipi?

Hapa ndipo penye mzizi, na mahali pazuri pa kupima ni Matendo 15. Mitume wako Yerusalemu, wanabishana kama watu wa mataifa watahiriwe. Yakobo anasimama na kunukuu Amosi 9: Mungu ataijenga tena hema ya Daudi iliyoanguka, ili mataifa wamtafute Bwana.

Mtu wa utimilifu anafurahi. Amosi aliandika kuhusu ufalme wa Daudi kurudishwa, na Yakobo anasema jambo hilo linatimia hapahapa, watu wa mataifa wanapoingia Kanisani. Basi mitume wenyewe wametufundisha kusoma. Ataongeza Hosea: maneno ya "wasio watu wangu" yaliandikwa kwa makabila ya kaskazini ya Israeli, lakini Paulo katika Warumi 9 anayatumia kwa watu wa mataifa. Ataongeza Yeremia 31, agano jipya lililoahidiwa nyumba ya Israeli na nyumba ya Yuda, ambalo Waebrania 8 inalisema kwa Kanisa.

Mtu wa vipindi hakubali haraka hivyo. Angalia, anasema, Yakobo anaanza na maneno "baada ya mambo haya nitarejea": kwanza mataifa, kisha Bwana arudi, kisha hema ijengwe. Na hata kama mitume walilipanua andiko, hawakufuta maana yake ya kwanza. Mungu aliposema Yuda alimaanisha Yuda. Tukianza kugeuza majina kuwa mafumbo, nani atatuzuia tusigeuze na ufufuo? Swali hilo ni zito kuliko wapinzani wake wanavyopenda kukiri, na ndilo linalowavuta watu wa kawaida kwake: linaipa heshima Biblia kama ilivyoandikwa.

Wa mzeituni anasema hema imeanza kujengwa na haijaisha. Mataifa wameingia, lakini wenye hema wengi wako nje bado.

Kwa maoni yangu, utimilifu una nguvu zaidi katika kigezo hiki, kwa sababu Agano Jipya lenyewe linasoma hivyo mara nyingi mno. Lakini kuna andiko moja linaloukwamisha, nalo ni Warumi 11, ambayo tutaifikia.

Nchi

Mwanzo 15 inataja mipaka, kutoka mto wa Misri mpaka Frati. Vipindi husema mipaka hiyo haijawahi kumilikiwa kikamilifu, kwa hiyo deni lipo, na Amosi 9 inaishia na ahadi kwamba hawatang'olewa tena. Utimilifu hujibu kwa Yoshua 21, inayosema Bwana aliwapa nchi yote aliyoapa na halikupungua neno lolote, kisha kwa Warumi 4, ambako Ibrahimu ni mrithi wa ulimwengu mzima. Nchi ilikuwa rehani tu ya kitu kikubwa zaidi. Wa mzeituni hugawanyika hapa: Ladd, kwa mfano, alisisitiza wokovu wa Wayahudi bila kuifanya dola ya leo kuwa utimizo wa unabii.

Nchi ndiyo sehemu inayogeuka siasa upesi kuliko nyingine. Tanzania yenyewe ilivunja uhusiano na Israeli mwaka 1973 na ikafungua ubalozi Tel Aviv 2018, na hakuna aliyehitaji kubadili ungamo lake la imani katika miaka hiyo yote. Uhusiano wa serikali na serikali ni jambo moja, fundisho ni jingine.

"Israeli wote wataokoka"

Anayetoka upande wa Muheza ataelewa Warumi 11 haraka kuliko msomaji wa mjini. Mkulima wa machungwa hukuza kwanza mche wa mlimau kwa ajili ya mizizi yake migumu, kisha huubebesha jicho la chungwa tamu. Kitamu hukaa juu ya kikali. Paulo anafanya kinyume: anachukua tawi la mzeituni mwitu na kulibebesha juu ya mzeituni mwema, na anajua ni kinyume, maana anasema wazi kwamba ni kinyume cha asili. Matawi mengine ya asili yamekatwa kwa kutokuamini. Kisha anawaonya wa mwituni wasijisifu, kwa kuwa si wao wanaolichukua shina, ila shina linawachukua wao. Na Mungu, anasema, anaweza kuyapandikiza tena yale yaliyokatwa.

Sasa tazama kila mtazamo unavyobanwa. Vipindi hubanwa na mti wenyewe: ni mmoja. Kama Israeli na Kanisa ni watu wawili, ilipaswa kuwe na miti miwili. Walimu wake hujibu kwamba mti ni mahali pa baraka tu, si watu. Jibu linawezekana, ila linataka kazi. Tangu miaka ya 1980 baadhi ya wasomi wa vipindi, kama Craig Blaising na Darrell Bock, wamelegeza utengano huo na kukiri kwamba ahadi za Daudi zimeanza kutimia ndani ya Kanisa.

Utimilifu hubanwa na mstari wa 26 hadi 29. Calvin alisema "Israeli wote" ni wateule wote, Wayahudi na mataifa pamoja. Wengine husema ni Wayahudi walioamini katika vizazi vyote. Lakini katika sura tatu nzima Paulo analia kwa ajili ya ndugu zake kwa jinsi ya mwili, kisha anamalizia kwamba karama za Mungu hazina majuto, wala mwito wake. Kusema neno Israeli limebadilika maana ghafla mistari mitatu kabla ya hapo ni kulilazimisha andiko. Ndiyo maana hata ndani ya Wakalvini kuna waliokubali kwamba Wayahudi wengi watageuka siku za mwisho, na wakabaki Wakalvini.

Mzeituni unakaa vizuri hapa kuliko popote. Udhaifu wake ni kwamba sura nyingine za Agano Jipya haziusemi kwa uwazi huo, kwa hiyo mtu anaweza kuuliza kama inafaa kujenga nyumba nzima juu ya sura moja.

Mwisho wa nyakati

Kwa kifupi. Vipindi: unyakuo kwanza, kisha dhiki kuu ya miaka saba inayotolewa katika juma la mwisho la Danieli 9 (juma likihesabiwa kuwa miaka saba), kisha Kristo anatawala Yerusalemu miaka elfu. Utimilifu mara nyingi, ingawa si lazima, husema miaka elfu ya Ufunuo 20 ni mfano wa utawala wa Kristo tangu sasa. Mzeituni una watu wa pande zote mbili. Ladd aliamini miaka elfu halisi, ila Kanisa likipitia dhiki kwanza. Wote watatu wanakubali kwamba Kristo anarudi na kwamba siku hiyo hakuna aijuaye.

Matunda

Utimilifu una historia nzuri ya umoja. Mbondei, Mdigo, Myahudi, wote ni uzao wa Ibrahimu kwa imani, na Wagalatia 3 haina daraja la pili. Lakini una historia mbaya pia. Likihubiriwa kwa kiburi, fundisho kwamba Wayahudi wameondolewa liligeuka kuwadharau, na maandishi ya Luther ya mwaka 1543 dhidi yao hayasomeki bila aibu. Makanisa ya Kilutheri yameyakana. Jambo hilo lilifika hadi kwenye mkutano mkuu wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani huko Budapest mwaka 1984, na KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ni mwanachama wa Fungamano hilo. Wanaoushika mtazamo huu leo wana wajibu wa kulisema hilo wazi.

Vipindi umewafanya watu wasome Agano la Kale, hasa Danieli na Zekaria, kwa bidii ambayo sisi wengine hatuna. Umewafundisha kuwapenda Wayahudi na kumngojea Bwana. Tunda lake chungu ni hofu, na ile tabia ya kutafsiri kila kombora kuwa mstari wa Biblia. Pia Mwanzo 12:3, "nami nitawabariki wakubarikio", hugeuzwa wakati mwingine kuwa hati ya kuomba sadaka. Na kuna watu ambao hawaonekani kabisa katika picha hii: Wakristo Wapalestina, wenye makanisa ya tangu zamani, Waorthodoksi, Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri. Askofu Munib Younan, Mpalestina, aliongoza Fungamano la Kilutheri kuanzia 2010 hadi 2017. Mlutheri wa Tanga anayetundika bendera bila kumfikiria ndugu huyo ameruka hatua.

Mzeituni huzaa unyenyekevu, ukifundishwa vizuri. Usipofundishwa vizuri huzaa ukimya, kwa sababu mwalimu husema "ni siri" na kikao kinafungwa.

Unamfaa nani?

Utimilifu utamkaa vizuri mtu anayesoma Biblia yote kama simulizi moja inayoelekea kwa Kristo, na anayeabudu kwa liturujia ambayo tayari inaliita Kanisa la Mungu mrithi wa ahadi. Vipindi utamkaa anayeamini kwamba ahadi lazima itimie kwa yule yule aliyeahidiwa, na yuko tayari kubeba chati ndefu ya matukio ili asilipoteze neno hata moja. Mzeituni ni wa mtu ambaye Warumi 9 hadi 11 haimwachi alale, na anayeweza kuishi na jambo ambalo halijafungwa.

Kwa hali yako

*Umeombwa kufundisha jumuiya.* Usianze na majina ya mitazamo. Kikao cha kwanza someni Warumi 9 hadi 11 kwa sauti, yote, bila maelezo. Kikao kinachofuata Matendo 15 pamoja na Amosi 9. Mitazamo itajitokeza yenyewe midomoni mwa watu, na hapo utaipa majina.

*Umeoa au kuolewa katika kanisa lenye mtazamo mwingine.* Hili si jambo la kuvunjia nyumba. Hakuna hata moja kati ya kanuni za imani za kale za Kanisa inayotaja unyakuo au dola ya Israeli. Kubalianeni watoto watafundishwa nini kuhusu Wayahudi na kuhusu Wapalestina kama watu, mengine yasubiri.

*Hulali kwa kuogopa kuachwa.* Pumzika na mahubiri ya ishara kwa muda, usome 1 Wathesalonike 4 hadi mwisho. Paulo aliyaandika maneno yale ili wafarijiane. Baada ya hapo amua kuhusu mpangilio wa matukio.

*Unaombwa mchango wa kuibariki Israeli, au wa hija.* Hija ni njema kwa anayeiweza. Lakini uliza fedha inakwenda kwa nani na risiti ni ya nani. Hakuna mtazamo kati ya hii mitatu unaoifanya sadaka hiyo kuwa sharti la baraka, hata vipindi wenyewe ukisomwa kwa uaminifu.

*Wewe ni mchungaji au mwinjilisti, na waumini wanataka bendera mimbarini.* Waulize ingesema nini kwa mgeni aliyeingia mara ya kwanza. Kama usharika wako ni wa vipindi na mmeamua hivyo kwa kujua, wekeni na maelezo. Kama imewekwa kwa sababu kanisa la jirani wameweka, iondoe.

*Jirani amekuuliza barazani.* Mwambie kwa uaminifu Wakristo hawana jibu moja, kisha lako ni lipi. Mweleze kwamba Bethlehemu kuna Wakristo wanaosali kwa Kiarabu. Naye ana ya kusema kuhusu Wana wa Israili katika Kurani, kwa hiyo mpe nafasi amalize kabla hujarudi kwa Paulo.